Wapimeni kwa kazi, siyo kwa jina la chuo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniuma, hasa wakati huu ambapo wanafunzi wa vyuo wanahangaika na barua za kuomba fildi, yaani mafunzo kwa vitendo makazini.

Mimi ni mchambuzi katika kitengo cha ushauri wa mitaji cha kampuni moja hapa Dar es Salaam. Tunazisaidia kampuni kutafuta fedha sokoni: kuuza hisa, kutoa hatifungani (hati za kukopa fedha kwa wawekezaji), kununua kampuni nyingine au kununuliwa. Nairobi na London kuna benki nzima za uwekezaji zinazofanya kazi hiyo. Hapa kwetu imegawanyika kati ya vitengo vidogo vya mabenki, madalali wa hisa na kampuni za ukaguzi wa hesabu. Wanaoifanya ni wachache, wengi tunafahamiana kwa majina, na nafasi ya fildi ikipatikana hujazwa kabla haijatangazwa. Anayejazwa ni mtoto wa mtu anayefahamika, au aliyetoka katika vyuo viwili vitatu ambavyo wakubwa wa ofisi walisoma wao.

Mimi nilisoma chuo cha mkoani, Kanda ya Ziwa. Nilipokuja Dar es Salaam kutafuta kazi, ofisa mmoja wa ajira alitazama wasifu wangu akauliza, "Hiki chuo kiko wapi?" Nikamjibu. Akarudisha karatasi kwenye bahasha bila kufungua ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ndiko ilikoanzia kazi yangu.

Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza kwa umma hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla shilingi bilioni 476, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao. Waraka wa matarajio, yaani maelezo ya kampuni kwa wanaotaka kununua hisa, ulikuwa wazi kwa yeyote. Niliuchapisha steshenari, nikakaa nao kwenye maabara ya kompyuta ya chuo, nikajenga hesabu upya katika Excel: mapato, gharama, madeni, mtiririko wa fedha, mpaka bei ambayo mimi ningekubali kulipia hisa moja. Nilifika chini ya 850 na nikaandika sababu zangu. Miaka iliyofuata hisa ile iliuzwa kwa muda mrefu chini ya bei hiyo. Sidai kwamba nilitabiri. Ninachosema ni kwamba yule ofisa alikuwa na kazi ya kupima mkononi, akachagua kupima anwani ya chuo.

Watu huniuliza nilijifunzia wapi kusoma mizania, ile taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Darasani tulifundishwa, na nawashukuru walimu wangu, lakini mazoea niliyapata nyumbani. Mama yangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na alikuwa akinunua magazeti ya zamani kwa kilo kwa ajili ya kufungia. Mabenki hutakiwa na Benki Kuu kutangaza hesabu zake kila robo mwaka, na kurasa zile za namba ndogondogo zilikuwa zinafika kwetu zikiwa nzima kwa sababu hakuna aliyezisoma. Nilikuwa nazichomoa kwenye rundo. Nikilinganisha robo moja na nyingine, naona mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, inapanda au inashuka, naona benki gani inapata riba nyingi lakini gharama za matawi zinaila. Mpaka leo nikisoma taarifa ya benki naanza na mikopo chechefu.

Sasa niko upande wa pili wa meza, na nimeona kwamba jambo hili lina tiba. Msimu mmoja nilimwomba mkuu wangu tuwape waombaji wote jaribio lilelile, tulisahihishe majina ya vyuo yakiwa yamefunikwa, ndipo tuite watu kwenye usaili. Alikubali, na namheshimu kwa hilo. Swali moja ni la kawaida katika kazi yetu duniani kote: uchakavu wa mitambo (gharama ya kuzeeka kwake inayoandikwa kwenye hesabu) ukiongezeka kwa shilingi bilioni 10, taarifa tatu za fedha, yaani ya faida na hasara, ya mtiririko wa fedha na mizania, zitabadilikaje? Jibu la vitabuni, kwa kodi yetu ya asilimia 30, ni kwamba faida kabla ya kodi inashuka 10, kodi inashuka 3, faida halisi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa fedha unairudisha ile 10 kwa kuwa haikutoka mfukoni, hivyo fedha taslimu zinaongezeka 3. Kwenye mizania mali zinapungua 7 na mtaji wa wanahisa unapungua 7. Wengi waliokariri waliandika hivyo, na wakapata alama zao.

Kijana mmoja aliandika juu ya karatasi yake: "Mnauliza uchakavu wa vitabu vya kampuni au ule unaokubaliwa na TRA?" yaani Mamlaka ya Mapato. Kisha akajibu yote mawili. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ina makundi yake ya mali na viwango vyake vya uchakavu. Kampuni ikibadilisha hesabu za vitabuni peke yake, kodi ya kulipa haisogei, fedha taslimu haziongezeki hata senti, na tofauti inaingia kwenye kodi iliyoahirishwa, yaani ile inayosogezwa kwenye hesabu za miaka ya mbele. Nilisoma karatasi ile mara mbili. Tulipofunua jina la chuo, hakuna hata mmoja wetu mezani aliyewahi kumwajiri mtu kutoka pale. Alikuwa amejitolea katika ofisi ya mshauri wa kodi huko Kahama, akiwajazia ritani (fomu za kodi) wenye maduka na wenye malori. Jaribio lisingekuwepo, tungemkosa, na mteja wetu angepewa hesabu za kukariri.

Najua hoja ya wenzangu. Husema maombi ni mengi, muda ni mdogo, jina la chuo ni chujio la haraka. Naelewa ugumu huo, kwa sababu nasahihisha usiku baada ya kazi ya mchana. Lakini chujio hilo linachuja alama za kidato cha sita, uwezo wa mzazi na umbali wa kijiji. Tume ya Vyuo Vikuu ikishaidhinisha shahada, kwa nini ofisi zetu ziweke tume nyingine ya siri? Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ina kozi na mtihani wake wa cheti kwa watu wa soko hili. Mitihani ya CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ngazi zote tatu, inasahihishwa bila kuuliza ulisomea wapi. Ada yake ni kubwa, ngazi moja inafika dola 1,000 au zaidi, ila upo ufadhili wa kupunguziwa, na wanafunzi wa mikoani nawasihi wauombe.

Na kazi yenyewe imehama. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Fedha za kuwalipa wawekezaji zitatoka kwenye bili za maji. Mshauri wa toleo la namna hiyo lazima ajue mji wa mkoani unavyolipa bili: mwezi gani watu wanachelewa, taasisi gani zina malimbikizo, mita ikiharibika inakaa muda gani kabla fundi hajafika. Halmashauri na mamlaka nyingine zitafuata njia ya Tanga. Tutamtuma nani akazungumze nazo, kama ofisi nzima imekulia mtaa mmoja?

Kwa wadogo zangu mlio vyuoni, hasa vile ambavyo mkivitaja watu wanauliza viko wapi: msisambaze wasifu kama vipeperushi vya mkutano. Chagueni muamala mmoja mwufuate mpaka mwisho. Mfano mzuri ni Tanga Cement. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg lenye hisa nyingi za mshindani wake, Saruji ya Twiga, itanunua asilimia 68.33 ya hisa zake kutoka kwa mmiliki wake, AfriSam. Tume ya Ushindani ikaridhia kwa masharti, na mwaka 2022 Baraza la Ushindani likatengua idhini hiyo. Matangazo ya kampuni, hukumu, hesabu za mwaka, bei za hisa za kila siku, vyote ni vya umma. Andika kurasa nne: nani anapata nini, bei ni ya haki kwa mwanahisa mdogo au la, saruji ya nchi itabaki mikononi mwa nani. Mpelekee mchambuzi mmoja unayejua anafanya kazi hiyo, umwombe akukosoe. Asipojibu, mpelekee mwingine. Sisi tunaofanya kazi hii tunalitambua jicho la mtu aliyehangaika na namba mwenyewe, na wengi wetu tutajibu.

Lakini jaribio peke yake halitoshi, na hapa naomba wakuu wa kampuni wanisikilize. Fildi nyingi hazina malipo. Mwanafunzi mwenye shangazi Mbezi anaweza kufanya kazi bure wiki nane, anakula na kulala. Wa kutoka Mwanza au Kigoma atapanga chumba kwa fedha gani? Nimeona msichana aliyefaulu jaribio letu vizuri akituandikia kwamba hataweza kuja, kwa kuwa hana pa kufikia. Nilimtafutia kwa rafiki yangu Tabata, akaja, na leo yuko kwa dalali mmoja wa hisa. Siyo kila anayefaulu atakutana na mtu mwenye rafiki Tabata.

Hivyo naomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kampuni yoyote ya soko la mitaji. Nafasi za fildi zitangazwe hadharani, gazeti hili likiwemo. Kila mwombaji atumiwe jaribio lilelile kwa barua pepe, na lisahihishwe bila jina la chuo. Atakayefaulu kutoka mkoani alipwe nauli ya basi ya kuja na kurudi, na posho ya chumba na chakula kwa wiki zake nane. Toleo moja la hatifungani linaingiza ada za ushauri zinazoweza kubeba gharama hiyo, na fomu za fildi za mwaka huu bado ziko kwenye meza zenu.

Mchambuzi wa fedha,
Kinondoni, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)