Mwanangu, mgongo wako huwezi kuupima mwenyewe

Mwanangu mpenzi,

Uliponipigia Jumapili ukaniuliza, "Mama, gauni la harusi nishone mwenyewe au niache?" nilinyamaza, ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilikuwa nimekaa barazani na sare ya mtoto wa watu mapajani, donge limenikaa kooni. Tangu ulipokuwa ukijificha chini ya meza yangu kuokota vipande vya vitambaa na kuvivika magunzi ya mahindi, gauni lako nimekwisha kulishona kichwani mara nyingi. Nilikuwa nasubiri siku utakayoniambia, "Mama, nishonee." Ukaja na swali jingine.

Nimelala nalo siku nne. Kinyongo sina tena, na macho yangu nayajua: jioni uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe siuoni vizuri kama zamani. Kwa hiyo nakujibu kama mama na kama fundi. Shona. Ila kuna kazi moja kwenye gauni hilo ambayo si yako, nami nitakuambia ni ipi, kwa sababu kutoijua kulinipotezea siku yangu mwenyewe.

Kwanza tumalize la pesa. Ulisema kamati imekutengea fungu la gauni, na ukishona mwenyewe kitabaki kitu cha kuongezea kwenye ukumbi. Hesabu hiyo haiji hivyo, mama. Gauni la kawaida, lililobana kiunoni na kufunguka chini, lenye mkia mfupi, litakula mita 5 za satini ya upana wa inchi 60, na bitana karibu kiasi hichohicho. Bado lesi ya juu, neti, zipu, vifungo, kitambaa cha kukazia kifua na uzi mzuri usiokatika. Na hapo hujaharibu kipande, nawe utaharibu, maana satini haijamwacha mtu salama mara ya kwanza. Hapo Dar maduka ya kukodisha ni mengi, unavaa Jumamosi unarudisha Jumatatu. Kama shida ni pesa, kodi, wala usione haya hata kidogo.

Lakini kabla hujakata simu ulisema neno jingine. Ulisema, "Nataka nivae kitu ninachokijua kila mshono wake." Hilo ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kukupigia, maana nililisema hilohilo mimi, mbele ya mama yangu, nikiwa na miaka ishirini.

Sijakusimulia habari ya gauni langu. Picha umeiona ukutani, ile ya mbele. Ya nyuma haipo, na mimi ndiye niliyekataa isipigwe.

Niliolewa mwaka 1985. Kitambaa kizuri kilikuwa adimu. Miaka michache kabla ya hapo tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni na sukari. Mpaka wa Kenya, uliofungwa mwaka 1977, ulikuwa umefunguliwa tena mwishoni mwa 1983, basi shangazi yangu akapita Horohoro mpaka Mombasa, Mtaa wa Biashara, akarudi na mita 4 za satini rangi ya krimu, amezikunja ndani ya kanga kama anayebeba mtoto. Ya tano haikupatikana. Na mimi nilitaka mikono. Wakati ule kila bibi harusi alitaka mikono ya Diana, ile iliyovimba kama maputo, tuliyoiona kwenye picha za harusi yake ya 1981. Mikono ile inakula kitambaa. Nilipotandika karatasi zangu za vipimo, kipande cha mgongo wa kushoto kikakosa nafasi. Nikakigeuza juu chini, kikaingia. Nikafurahi kwamba nina akili, nikakata.

Unajua kosa lilipo? Satini ina mwelekeo. Ukiishika hivi inang'aa, ukiigeuza inafifia, kama nyasi upepo ukizilaza. Kwa mwanga wa karabai usiku sikuona kitu. Asubuhi ya harusi, dirisha likiwa wazi, nikatazama kwa kioo cha mkononi na kuona mgongo wangu una rangi mbili: kulia krimu, kushoto kama maji ya mchele.

Sasa fikiria ibada yetu ilivyo. Bibi harusi anasimama mbele ya madhabahu, uso kwa mchungaji, mgongo kwa watu wote. Saa nzima na nusu nilisimama nikihesabu macho mgongoni. Baba yako mpaka leo ananikumbusha mahubiri ya siku ile, neno kwa neno, kuhusu Ruthu na Naomi. Mimi sikusikia hata mstari. Nilikuwa nikijiuliza kama nikisogea kidogo kushoto mwanga wa dirisha utanipita. Nimewauliza wengi waliokuwepo, dada zangu, wifi zangu, bibi yako kabla hajafariki: hakuna aliyeiona ile rangi. Niliiona mimi peke yangu, kwa kuwa ndimi niliyeshona.

Aliyeshona hawezi kuliangalia gauni kama gauni. Anaona kazi. Ukivaa ulichoshona mwenyewe jana usiku, unakwenda kanisani ukiwa bado fundi. Hilo ndilo ninaloliogopa kwako, kuliko mshono uliopinda.

Mikono unayo. Zipu ulikuwa unatia ukiwa darasa la sita, na lile gauni la kitenge ulilovaa kwenye mahafali watu walinisifia mimi kwa kudhani ni kazi yangu. Lakini kitenge kina huruma. Maua yake yanaficha, na ukikosea unafumua, unapiga pasi, matundu yanajifuta. Satini nyeupe haifichi wala haisahau. Ukifumua, safu ya matundu inabaki palepale. Ukichoma pini katikati ya kifua, alama utakwenda nayo madhabahuni. Pini ziingie kwenye ukingo ulioachwa nje ya mshono tu, pale ambapo baadaye hapaonekani. Sindano iwe mpya, nyembamba, namba 9 au 11. Ile namba 16 uliyoiacha kwenye cherehani baada ya kushona jinzi itakung'oa nyuzi. Ufute mafuta kwenye mashine na ushone kwanza nusu saa kwenye matambara, mpaka uzi utoke bila doa. Tandika shuka safi sakafuni, ndipo ufungue kitambaa. Na kila kipande ukikata, kichwa chake kielekee upande mmoja. Chora mshale kwa chaki nyuma ya kila kimoja, hata kama unadhani huwezi kusahau.

Tafeta, kile kitambaa kinachochakacha, usiichukue, hata muuzaji akikusifia mlio wake. Gauni la yule Diana lilikuwa tafeta ya hariri, mkia wake futi 25, likakunjamana ndani ya gari la farasi kabla hajashuka kanisani. Na lilishonwa na mabingwa. Wewe utatoka Kimara mpaka kanisani kwa foleni ya Jumamosi, umekaa juu yake. Chukua satini nzito kidogo, inayorudi ukiikunja mkononi. Ikunje palepale dukani, ibane ngumi mpaka uhesabu ishirini, uiachie uone. Muuzaji akikukasirikia, nenda kwa jirani yake, Kariakoo haina uhaba wa majora.

Na harusi yako ni Desemba, joto la Dar unalijua. Satini nyingi siku hizi ni poliesta, haipumui. Kifuani na mgongoni tia bitana ya pamba nyepesi, si nailoni, la sivyo kabla ya kukata keki kwapa zitakuwa zimeandika ramani.

Kabla ya yote hayo, nunua merikani. Kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kinachonukia vumbi. Bibi yako alikuwa akituambia kimepata jina hilo kwa sababu kilikuja Unguja kwa meli za Wamarekani, enzi za masultani, na kweli ndivyo ilivyokuwa, meli zile zilitoka Salem na bandari za karibu nayo. Shona gauni lote la merikani kwanza. Najua utaniambia ni kupoteza muda. Mita 4 zangu hazikuwa na nafasi ya majaribio, ndiyo maana nakuambia. Livae hilo la merikani nyumbani, ukae nalo kwenye kiti, upande nalo ngazi, uinue mikono kama unavyoinua ukicheza, upige magoti. Usisahau magoti. Watu wengi hushona gauni la kusimama, kisha mchungaji anasema pigeni magoti tuwaombee, zipu inalia. Kila panapobana, paandike kwa kalamu hapohapo kwenye kitambaa. Ukilimaliza, lifumue, vipande vyake ndiyo vipimo vyako vya kukatia satini.

Kuhusu mgongo, ukinisikiliza, usitie zipu. Tia vitanzi na kamba. Bibi harusi hupungua au huongezeka wiki za mwisho, sijawahi kuona aliyebaki vilevile, na kamba inakusamehe inchi mbili upande wowote.

Haya, tarehe. Leo ni Julai. Merikani iishe Agosti. Satini ikatwe Septemba, siku usiyokuwa na haraka, mchana, dirisha wazi. Tarehe 31 Oktoba utalitundika gauni ukutani ulitazame. Kama siku hiyo sehemu ya juu ya gauni na sketi havijaungana, mwanangu, lipeleke kwa fundi au nenda kakodi, na usijadiliane na nafsi yako. Nimewahi kuitwa saa kumi na moja alfajiri kwenye nyumba ya jirani ambako gauni lilikuwa limeletwa na bandi, ile mishono mirefu ya kushikizia, bado zinaonekana, pindo halijapigwa, binti analia na vipodozi vimeanza kupakwa. Tulishona akiwa amelivaa. Sitaki kukuona hivyo, awe aliyechelewa ni fundi au wewe mwenyewe.

Usikubali kushona la mtu mwingine yeyote. Wataanza: dada yako atataka la msimamizi, shangazi wa mwenzako ataleta kitambaa cha watoto wa maua, akisema wewe si unashona. Mwambie mama amekataza. Nitajibu mimi.

Sasa ile kazi isiyo yako. Mgongo wako huwezi kuupima mwenyewe, wala pindo la chini huwezi kujipigia. Ukiinama kutazama, gauni linapanda mbele na kushuka nyuma, ukinyooka, limebadilika. Hapo hakuna ujanja, kioo hakisaidii, picha ya simu haisaidii. Anatakiwa mtu mwingine aliyepiga magoti sakafuni na pini mdomoni. Mwaka 1985 mama yangu aliomba awe yeye, nikamwambia nitajimudu. Angeuzunguka mgongo ule mara moja tu mchana, angeiona ile rangi wiki mbili kabla, na tungefunika kwa shela.

Kwa hiyo nakuja. Novemba, wiki ya pili, nitapanda basi la asubuhi. Gauni ulitundike siku mbili kabla sijafika, maana sketi iliyokatwa mshazari hunyooka ikining'inia, na pindo likipigwa mapema hutoka na mawimbi. Nikifika utanikabidhi. Nitakufunga kamba, nitazunguka, nitapima pindo, na kuanzia hapo sindano haitarudi mkononi mwako. Ukiona kosa, utaniambia na mimi nitaamua kama ni kosa. Utakuwa umeshona kila mshono unaotaka kuujua, halafu utavaa ukiwa bibi harusi tu.

Baba yako anasema nikuulize kama unamhitaji kubeba ile overloki yangu ndogo, mashine ya kuzuia kingo zisichanuke. Anataka sababu ya kuja.

Viatu nunua kabla sijaja, vilevile utakavyovaa siku hiyo, si vya kufanana navyo. Kisigino kikipungua hata nusu inchi, pindo lote ni la kuanza upya.

Mama yako,
Tanga