Ukurasa wa mwisho wa desa la falsafa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba kozi ya utangulizi wa falsafa ifutwe vyuoni kwa kuwa haimpi kijana ajira. Mimi si mhadhiri. Nina steshenari ndogo kando ya chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Sitasema kipi, maana wateja wangu ni hao hao na kodi ya pango nailipa kwa hela zao. Mwaka huu natimiza miaka 11 nikitoa kopi, shilingi 50 kwa ukurasa.

Desa la falsafa, yaani notisi za kozi wanazotoleana kopi wanafunzi, lina kurasa 41 na nalijua kuliko kadi ya kliniki ya mwanangu. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza huja nalo, na kila mwaka ni lile lile. Ukurasa wa 14 una duara la kikombe cha chai. Pembeni mwa ukurasa wa 22 kuna mtu aliandika kwa kalamu "hili litatoka!", na mtu huyo huenda sasa ni hakimu mahali. Asili yake sijawahi kuitia machoni. Ninachotoa ni kopi ya kopi ya kopi, herufi zimenenepa, matundu ya "e" yamejaa wino.

Nilianza kulisoma wakati wa mgao wa umeme. Mashine imezima katikati ya kazi, karatasi imekwama ndani, mteja kaenda zake kunywa soda, nami nimebaki na kurasa mkononi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo nikashusha kamusi rafuni, moja ya zile za kuuza, nikaifungua taratibu isivunjike mgongo. Mwanzo tu nikakutana na Socrates, mzee wa Athens aliyehukumiwa kunywa sumu mwaka 399 KK kwa mashtaka ya kutoiheshimu miungu ya mji na kuwaharibu vijana. Kilichonishika ni kwamba mzee huyo hakuacha hata karatasi moja aliyoiandika mwenyewe. Tunayoyajua yameandikwa na wengine, hasa mwanafunzi wake Plato. Hakuna asili! Zaidi ya miaka 2,000 watu wanatoleana kopi tu. Siku ile niliona kazi yangu ina ukoo.

Wanafunzi hawalisomi hivyo. Huja wiki moja kabla ya mtihani, bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, limekwisha zamani, wanachangishana sarafu mlangoni. "Mama, tutolee majibu tu." Maana lipo desa la pili, la majibu: swali, hoja tatu za kukubali, tatu za kukataa, hitimisho. Humo Descartes, mwanafalsafa wa Kifaransa, kapewa mistari minne. Mtu alikaa akashuku kila kitu mpaka mikono yake mwenyewe, na kijana wetu anamkariri bila kushuku kama desa lenyewe lina makosa. (Linayo. Kitabu chake cha tafakuri walikipa mwaka 1614 wakati ni 1641. Nilisahihisha kwa kalamu nyeusi, na sasa masahihisho yangu nayo hutoka kwenye kila kopi.)

Msomaji mwenzangu anasema haya ni maswali ya watu walioshiba. Namkaribisha kwenye kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana.

Mashine yangu niliinunua ikiwa imetumika, mwaka 2015. Tangu hapo nimebadilisha dramu mara mbili, roli za kuvutia karatasi, kioo, bodi ya umeme na bati lote la nyuma. Vilivyobaki tangu mwanzo ni fremu na mfuniko wa juu. Vyuma vya zamani fundi alikuwa akivibeba: "Mama, takataka hizi acha nikusaidie kutupa." Mwaka jana nikapita Mabibo, nikasimama kwenye kibanda kutoa kopi ya kitambulisho, karatasi ikatoka na mstari mwembamba upande wa kulia. Mstari wangu! Ule ulionitesa miaka mitatu hadi nikabadilisha dramu. Nikazunguka nyuma ya mashine, nikaliona bati langu na kibati chenye namba. Fundi hakutupa hata skrubu. Alitafuta fremu nyingine akaviunga vyote.

Ningecheka nikaenda zangu, ila mashine ile niliiweka dhamana ya mkopo, na namba iliyo kwenye daftari la kikundi ni ya kile kibati cha Mabibo. Jambo hilo nikalipeleka kikaoni mwenyewe, kabla halijaletwa na mwingine. Mweka hazina akauliza: dhamana yetu ni ipi, hii iliyopo kwake au ile yenye namba? Mmoja akasema namba ndiyo mashine, kama ilivyo kwa gari. Mwingine akasema dhamana ni ile inayomlisha huyu mama, kwa sababu ndiyo tutakayoikamata asipolipa. Wa tatu akataka kujua ilikoma kuwa ile ile lini, kwa dramu au kwa bati? Tulibishana saa nzima na nusu, chai ikapoa. Mimi nikatoa ukurasa wa 19 kwenye mkoba, habari ya meli ya Theseus, shujaa wa hadithi za Wagiriki, iliyobadilishwa mbao moja moja kila zilipooza. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zamani, anasema wanafalsafa wa kale waligawanyika: hawa wakisema ni meli ile ile, hawa wakikataa. Kisha mwanafalsafa Mwingereza, Hobbes, akaja kuongeza tata: je, kama kuna mtu alikuwa akiziokota zile mbao kuukuu, akaziunga tena meli? Nikawasomea kwa Kiswahili changu. Mweka hazina akasema, "Huyo Hobbes anamjua fundi wako."

Tuliandika namba mpya, nami nikatozwa 10,000 ya usumbufu. Hao walioshiba ni kina nani pale? Kulikuwa na muuza genge, mshona nguo, mpika chapati na mimi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Ukurasa wa 41 wengi huniambia, "Huo usitoe mama, hatukuufikia, muhula uliisha." Ndio ukurasa ambao Waafrika wamebanwa wote kama abiria wa jioni. Yumo Odera Oruka wa Kenya, aliyewaendea wazee wenye hekima akawahoji kama mtu anavyomhoji mwanafalsafa. Yumo na John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya pia. Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, alichukua maneno yetu mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akaeleza kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati hurudi nyuma kuelekea Zamani, na wakati ujao wa mbali karibu haupo, kwa kuwa hakuna tukio lililokwisha kutokea humo.

Nikaizima mashine. Marehemu bibi yangu wa Bagamoyo alihesabu leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Siku nne za mbele, kila moja na jina lake, na mdeni akitaja mtondogoo bibi alijua hela imeshaliwa.

Kijana mmoja alikuwa anasubiri kopi zake, nikamwambia hivyo. Akanicheka kwa adabu. "Mama, siku nne si mbali. Yeye anazungumzia miaka, tena alianzia kwenye lugha kama Kikamba na Kikikuyu." Hapo kweli alinibana. Nikamwambia: bibi yangu alipanda minazi akiwa mzee wa mkongojo, na minazi yetu hii mirefu hukaa miaka sita, saba kabla ya kuzaa. Alimpandia nani kama mbele hakuna kitu? Akafikiri. Akasema, labda alipanda kwa kuwa mama yake naye alipanda. Aliitazama Zamani akaifuata, minazi ikajiendea mbele yenyewe. Nikamuuliza, na wewe ulipojaza fomu za mkopo, ulikuwa unamfuata nani? Akacheka, akavuta stuli. Wateja wawili wakajihudumia wenyewe. Hilo la minazi bado linanisumbua, huwa nalikumbuka nikikuna nazi.

Alipoinuka akauliza, "Mama, haya naweza kuyaandika kwenye mtihani?" Nikamwambia yaandike mwanangu, ni yako. Akaanza kulitafutia mtondogoo Kiingereza chake, akanyamaza pale mlangoni na kopi zake kwapani. Baada ya matokeo alipita akaniambia aliandika yaliyomo kwenye desa la majibu: Mwafrika hana wakati ujao, hoja tatu, hitimisho. Amefaulu. Aliogopa sapu, mtihani wa kurudia.

Kwa hiyo, Mhariri, sikubaliani na kufuta kozi, ila sikubaliani pia na kozi ilivyo. Ninachowaomba wahadhiri ni kidogo. Semina walau moja kwa muhula iendeshwe kwa Kiswahili, tuone kama hao wanaoitwa wavivu wa kufikiri watanyamaza. Maswali ya mtihani yabadilike, yasijibike kwa desa la mwaka juzi. Biashara yangu ya majibu itakufa, najua. Nitauza kalamu.

Kwa upande wangu, tangu muhula uliopita ukurasa wa 41 nimeuhamisha. Ukinunua desa kwangu unaukuta wa kwanza, na hela yake sichukui. Asiyeutaka nimemwambia aurudishe. Mpaka leo umerudishwa mara mbili, na mmoja wao alikuwa ameandikia nyuma namba ya simu ya mtu.

Mama Kopi,
Dar es Salaam