Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kukipiga nje: ulizeni namba kabla ya kuuliza nchi

Wanangu, wavulana kwa wasichana,

Asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wote habari za mazoezi. Nawaandikia ninyi mlio kwenye akademi, kwenye timu za vijana za Ligi Kuu na Championship iliyo chini yake, na ninyi wa mchangani ambao bado mnasubiri Ndondo, michuano ya mitaani, iwatangaze. Dirisha la usajili likikaribia, simu yangu haipoi. Huyu kapata timu Uturuki, yule kaitwa majaribio Serbia, mwingine kaambiwa Dubai wanamtaka kesho asubuhi. Nyote swali lenu ni moja: "Mzee, hiyo nchi ikoje?" Nami kila mara nawarudishia langu: huko utapata namba, yaani nafasi ya kucheza kikosini?

Tumchukue Mbwana Samatta, maana hakuna kati yenu asiyemtaja. Tatizo ni kwamba hadithi yake mnaianzia katikati. Mnaanza na Januari 2020, Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Mimi naanza Lubumbashi. Mwaka 2011 alitoka Simba, hajatimiza hata miaka 19, akaenda TP Mazembe. Vijiweni watu walicheka: Kongo nako ni nje? Basi hao waliocheka walisahau kwamba Mazembe ile, mwaka mmoja kabla, ilikuwa imecheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan. Kijana wa Mbagala alikuta watu wazima pale, akagombea namba, akaipata, akakaa nayo karibu miaka mitano. Mwaka 2015 wakachukua Ligi ya Mabingwa Afrika, yeye akiwa miongoni mwa vinara wa mabao wa mashindano yale. Januari 2016, pale Abuja, akapewa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika.

Mwezi huohuo akaenda Genk. Ubelgiji, wanangu. Alitoka mji wa machimbo ya shaba akaingia mji uliokulia kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na wengi wenu leo mkiambiwa Genk mtauliza kwanza kama mechi zake zinaonyeshwa kibandaumiza. Huko nako alicheza miaka minne. Agosti 2018 akaipiga Brøndby mabao matatu peke yake kwenye Europa League. Msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa. Akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Novemba 2019 akaifunga Liverpool palepale Anfield. Villa walipokuja na pesa, walikuwa wanamnunua mtu ambaye kila wiki alikuwa uwanjani akionekana.

Sasa sehemu ambayo vijiweni hamuisimulii. Villa alianza vizuri: bao kwa Bournemouth kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi, kisha kichwa kile cha Wembley tarehe 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Baada ya hapo corona ikasimamisha mpira, na uliporudi mambo hayakuwa yale. Akamaliza na mechi 14 za ligi na bao 1. Septemba ya mwaka uleule Villa wakamnunua Ollie Watkins, na nahodha wetu akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Kisha Antwerp kwa mkopo, kisha Genk tena kwa mkopo. Aliponyanyuka ni alipofika PAOK mwaka 2023, akachukua ubingwa wa Ugiriki msimu wake wa kwanza. Sisemi haya kumshusha, na atakayenisoma hivyo ameamua kunisoma vibaya. Kwangu mimi hatujawahi kutoa mchezaji wa kufanana naye. Ila hata yeye, namba ilipoondoka, ukubwa wa ligi haukumfaa kitu.

Kwa hiyo ukiitwa na timu, fungua simu uangalie mambo ya msingi. Wanao washambuliaji wangapi? Wana umri gani? Nani amebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba? Kocha anatumia mfumo gani, na kiti chake kimekaa sawa? Nyie mnajua takwimu za Haaland mpaka za mguu wa kulia, lakini nikikuuliza beki wa kushoto wa timu inayotaka kukusajili ni nani, unanitazama tu.

Na dakika unazocheza zinahesabiwa kwenye makaratasi pia. Majirani zetu Wakenya walionja mapema. Januari 2010 Manchester City walimtaka McDonald Mariga kutoka Parma, kila kitu tayari, kibali cha kazi kikakataliwa kwa kuwa Kenya ilikuwa chini mno kwenye orodha ya ubora ya FIFA. Bahati yake Inter walimchukua, na msimu ule wakabeba ligi, kombe na Ligi ya Mabingwa Ulaya. Siku hizi England wanatumia mfumo wa alama: wanahesabu ulivyocheza timu ya taifa, dakika zako za ligi na za mashindano ya bara, na kiwango cha ligi unayotoka. Ukikaa benchi mwaka mzima kwenye ligi yenye jina, alama hizo huzipati, na kocha wa Taifa Stars naye atakuwa na haki ya kukusahau.

Mabinti zangu, ninyi nina furaha nanyi, hapo mmetupita wanaume. Clara Luvanga yuko Al-Nassr ya Saudi Arabia. Anacheza, anafunga, ametwaa ubingwa. Wapo wanaosema ligi ya wanawake ya Saudi bado changa. Changa au komavu, mtoto yuko uwanjani.

Nije kwenye mkataba, hapa nitakaa kidogo.

Kijana mmoja alikuja barazani kwangu na simu, anacheka peke yake. Katumiwa mkataba kwa WhatsApp. Nikavaa miwani. Picha moja tu: mstari wa kuweka sahihi, muhuri wa klabu, na chini kabisa pembeni tarakimu ndogo 9/9. Nikamwuliza, nane nyingine ziko wapi? Akasema wakala kamwambia hizo ni za kawaida, wachezaji wote huwa wanasaini hizohizo. Tukazidai. Zilipokuja, kwa Kifaransa, tukamtafuta mwalimu atusomee. Mshahara ulikuwa wa miezi 10, miwili ya mapumziko hakuna kitu. Tarakimu aliyoambiwa kwa mdomo ilikuwa ya kabla ya kodi. Nyumba juu yake mwenyewe. Na kipengele kimoja kilisema klabu inaweza kumwongezea miaka miwili ikitaka yenyewe, kwa mshahara uleule, bila kumwuliza. Hakusaini. Alinuna mwezi mzima, mama yake akaninunia pia.

Dai kurasa zote, kwa lugha unayoielewa au kwa tafsiri ya mtu asiyekula chochote kwenye dili hilo. Uliza mshahara wa mkononi baada ya kodi ni kiasi gani, unaingia tarehe ngapi, kwa sarafu gani. Uliza ukiumia nani anatibu na mshahara unaendeleaje. Kwa kanuni za FIFA mkataba hauzidi miaka mitano, na aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Ukiona zaidi ya hapo, simama.

Mshahara ukikwama, usipande ndege kurudi kimyakimya. Huko ni kuwapa ushahidi kwamba wewe ndiye uliyetoroka. Kanuni inasema klabu ikikaa na mishahara yako miwili ya mwezi bila sababu halali, unaiandikia barua ya kuidai na kuipa siku 15 za kulipa. Zikipita bila kulipwa, una haki ya kuvunja mkataba. Barua, wanangu. Ujumbe wa sauti kwa meneja wa timu, hata ukilia ndani yake, hauhesabiki kuwa notisi. Tunza taarifa za benki na kila barua pepe. Mshambuliaji wetu Simon Msuva alipokorofishana na Wydad ya Morocco alipeleka suala FIFA, akashinda. Mchezaji halipishwi gharama za shauri kule, ila usilale: ukipitisha miaka miwili tangu jambo litokee, hawakusikilizi tena.

Wakala sitamwongelea sana. Mwenye kazi hiyo ana leseni ya FIFA, na majina yao yanatafutika mtandaoni bure. Mkataba wako naye hauzidi miaka miwili. Anayekuambia leseni yake "iko kwa bosi wake Dubai" mwache aende kwa bosi wake.

La umri sasa. Najua mtakunja sura, lakini nalisema kwa kuwa ndilo tunalolisema kwa kunong'ona tu. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia. Wakaenguliwa kwa udanganyifu wa umri. Kikosi kizima, watoto waliokuwa na umri halali pamoja na wazazi waliokwisha kuaga majirani, wakabaki nyumbani. Miaka minne baadaye FIFA wakaanza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine kwenye Kombe la Dunia la vijana hao. Bado naona watu wazima, wengine makocha wenzangu, wanamkata kijana miaka mitatu wakiamini wanamsaidia.

Hebu tazameni hesabu yenyewe. Una miaka 22, pasipoti inasema 18. Klabu inakununua kama mtoto wa kukuzwa, inakuweka kikosi cha pili miaka miwili ukue. Wewe hukui, umeshakua. Ukifika 24 ya kweli, wakati mwili wako uko kwenye ubora wake, bado unacheza na watoto Jumatatu mchana uwanja mtupu. Miguu inaanza kuchoka pasipoti ikisema 26, na daktari wa klabu haelewi mbona. Umejinyang'anya namba mwenyewe kwa miaka ile uliyoikata. Halafu siku cheti cha shule ya msingi kikiibuka, na huwa vinaibuka, kazi imekwisha.

Wenye umri wao halisi nao msikimbizwe. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18 isipokuwa kwa mazingira machache. Kelvin John mlimwona kwenye AFCON ya vijana hapa Dar mwaka 2019, kila mtu anasema huyu aondoke kesho. Alikwenda England, akawa anasoma na kufanya mazoezi chuoni Leicestershire, na Genk wakamsajili alipotimiza miaka 18 mwaka 2021. Hakuna kilichoharibika.

Na kabla hamjaondoka, hakikisheni timu zilizowalea zimewasajili kihalali tangu mkiwa wadogo. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada hurudi kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa mauzo ya euro milioni 10, kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 ni euro 25,000, na kila mwaka kuanzia 16 ni euro 50,000. Fikirini timu ya mtaani inayoshona mipira iliyopasuka inaweza kufanya nini na hiyo. Bila rekodi ya usajili hawapati hata senti, na hakuna wa kumlaumu Ulaya.

Kuhusu pesa za nyumbani nitasema kifupi maana kila familia ina mambo yake. Watakupigia. Ada, msiba, mjomba wa bodaboda, kiwanja Kigamboni chenye wauzaji watatu. Saidia, wewe ni mtoto wa watu. Ila panga kiasi cha mwezi na mzazi mmoja unayemwamini, wengine wote wapitie kwake, simu yako ibaki na kazi ya kukuamsha mazoezini. Mshambuliaji anayekesha akituma pesa kwa M-Pesa hukimbia kama aliyekesha.

Na ukirudi, rudi kichwa juu. Ligi yetu sasa inalipa, Simba na Yanga wanafika mbali Afrika, na wapo wageni wanaoacha kwao kuja kucheza hapa. Kijana aliyecheza mechi 30 Azam au Singida amejiuza vizuri kuliko aliyekaa miezi kumi na mbili ya baridi akipasha misuli pembeni ya uwanja. Nikiambiwa mchezaji karudi nyumbani apate namba, mimi huyo namhesabia akili.

La mwisho ni kwenu wazazi, mnaosomewa barua hii na watoto. Klabu inayomtaka mtoto wako hutuma mwaliko rasmi na kueleza nani anagharamia safari. Mtu anayekuja sebuleni kuomba milioni kadhaa za "kufungua majaribio" Ulaya, hana timu. Wapo watoto wa Afrika waliofikishwa mji wa ugenini wasioujua, aliyewapeleka akazima simu, visa zikaisha. Kabla ya kuuza kiwanja, chukueni jina la klabu, mtafute mawasiliano yake wenyewe, muwaandikie mkiuliza kama wanamfahamu huyo bwana na kama wanamsubiri mwanenu. Msitumie namba ya simu aliyowapa yeye. Ikiwa mnashindwa kuandika, njooni tuandike pamoja. Jioni huwa nipo uwanjani, upande wa goli la msikitini.

Wenu,
Mzee wa uwanja, Temeke