Makala yangu haiko kabatini, imefungiwa kwa dola 39.95

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wako mmoja alitusema watafiti wa kilimo: tunakula fedha za umma, tunaandika, kisha tafiti zinaishia kabatini huku mkulima akiendelea kuvuna muhogo uliooza. Naikubali nusu ya lawama hiyo. Kabati langu lina vikombe vya chai na bomba bovu la kunyunyizia dawa. Makala haziingii humo. Zinakwenda ng'ambo, kwa wachapishaji wa majarida ya kisayansi, na zikishafika huko hata mimi niliyeziandika nabaki mlangoni.

Mwaka juzi afisa ugani wa kata moja ya Mkuranga alinipigia simu. "Shikamoo dokta." Marahaba. "Ile kazi yako ya pingili za muhogo uliyoifanya kwetu nimeiona kwenye simu, ila wanataka hela." Nikamwomba anitumie picha ya alichokiona. Jina langu liko juu, chini yake muhtasari wa mistari kumi na miwili, halafu kitufe cha rangi ya machungwa: dola 39.95, unasoma kwa saa 24. Saa 24, Mhariri, kama chumba cha gesti. Na kijana huyu ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki yake misimu miwili, shamba hadi shamba, akinionyesha miti iliyosimama na majani yake vizuri kabisa, ukichimba ukaupasua muhogo wake unakuta madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Nimemshukuru kwa jina mwishoni mwa makala. Shukrani yenyewe hawezi kuisoma mpaka alipe.

Ugonjwa huo, michirizi kahawia, uliripotiwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapahapa kwetu, kwenye kituo cha Amani, Tanga, mwaka 1936. Leo habari zake tunauziwa kwa dola.

Nilimtumia faili kwa WhatsApp. Wachapishaji wengi hawagombi mwandishi akimpa mwenzake nakala moja. Kosa nililifanya baadaye. Maombi yaliongezeka, nikachoka kutuma mojamoja, nikaipandisha pdf ileile yenye nembo ya jarida kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni. Baada ya miezi mitatu ikaja barua pepe ya mchapishaji, ya adabu kabisa, ikinitaka niiondoe ndani ya siku saba kwa sababu hakimiliki si yangu.

Niliudhika, nikaenda kuusoma mkataba. Walikuwa sahihi. Nilibofya "nakubali" saa tano ya usiku umeme ulipokuwa umerudi, bila kufika hata ukurasa wa pili, maana makala ilikuwa imenisumbua miezi 14 na kupanda kwangu cheo kulikuwa kunaisubiri. Kwa kidole kimoja niliwakabidhi haki ya kunakili, ya kusambaza na hata ya kutafsiri. Yaani makala niliyoiandika juu ya mashamba ya Mkuranga, nikitaka kuiweka kwa Kiswahili neno kwa neno wakulima wa hukohuko waisome, nipige hodi kwanza. Na kwa sheria yetu, hakimiliki hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Mwanamuziki akitoa wimbo wake angalau anategemea mrabaha. Mimi sikulipwa, wahakiki wawili waliousoma mswada hawakulipwa, na mishahara yetu pamoja na mafuta ya gari vilitoka serikalini. Najua wapo watakaosema tuchapishe kwenye majarida yaliyo wazi kwa kila msomaji. Yapo yasiyotoza mtu kitu, nayapenda. Lakini mengi ya yale yanayotazamwa kwa jicho jema na kamati za kupandisha vyeo humdai mwandishi dola elfu mbili, elfu tatu. Hapo sina la kuongeza.

Aliyeniokoa ni mkutubi. Aliniuliza, "Ule mswada wa mwisho uliowatumia, kabla hawajaupanga, unao?" Akanifafanulia kwamba makala moja hupita katika sura tatu: rasimu unayoituma mwanzo, mswada uliokubaliwa baada ya marekebisho ya wahakiki, na nakala iliyopangwa safu mbili ikawekwa nembo. Wachapishaji wengi hung'ang'ania ile ya tatu. Ya pili, yenye maneno na takwimu zilezile, huruhusu iwekwe kwenye hazina ya mtandaoni ya machapisho ya taasisi ya mwandishi, ingawa mara nyingi baada ya miezi 12 au zaidi. Kuna mtandao uliokuwa ukiitwa Sherpa Romeo, siku hizi Open Policy Finder, unaandika jina la jarida unaambiwa kipi ruksa na kipi siyo. Nimefanya utafiti miaka 19 sikuwahi kuusikia.

Nikaanza kuusaka huo mswada, na hapa ndipo penye ile nusu ya lawama ninayoikubali. Kompyuta niliyoandikia ilishakufa. Kwenye flashi nilikuta mafaili sita: "mwisho", "mwisho 2", "mwisho kabisa", "mwisho wa kweli" na ndugu zake wawili. Hakuna hata moja lenye marekebisho ya wahakiki. Nilikuja kuupata kwenye barua pepe za mwandishi mwenzangu ambaye, Mungu ambariki, hafuti kitu. Kati ya makala zangu 11, miswada ya nne haipo popote. Hizo nimezizika mwenyewe, mchapishaji hahusiki.

Hata hivyo, mwandishi mmoja mmoja hawezi kushindana na mkataba ulioandikwa na mawakili. Ujerumani wameliona hilo. Tangu mwaka 2014 sheria yao inampa mwandishi ambaye angalau nusu ya gharama za utafiti wake zimetoka kwa umma haki ya kuuweka wazi mswada wake uliokubaliwa, miezi 12 baada ya makala kutoka, bila biashara, hata kama alishasaini kuwapa wachapishaji kila kitu. Mkataba ukisema vinginevyo, kipengele hicho hakina nguvu. Uholanzi wakafuata mwaka 2015, Ufaransa mwaka 2016, na Wafaransa wamewapa watu wa sayansi miezi sita tu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haina kifungu cha namna hiyo. Waheshimiwa wabunge hulalamika kila bajeti kwamba tafiti haziwafikii wananchi. Kifungu kimoja chenye mistari sita kingewapunguzia malalamiko hayo.

Nimwambie na msomaji wako jambo nililochelewa kulijua. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoandikwa, hailindi jambo lenyewe. Matokeo ya utafiti hayana mwenyewe, ruksa kuyasimulia upya. Kwa hiyo nilikaa jioni nne nikaandika upya kwa Kiswahili, kurasa nne, bila kutafsiri sentensi hata moja ya makala: pingili zichaguliwe vipi, zitoke shamba gani, mti wenye majani mazuri usiaminiwe mpaka uchimbwe. Zimebandikwa ofisi ya kata na hakuna aliyeniandikia nizibandue.

Mswada nao uliingia kwenye hazina ya taasisi mwezi uliopita. Hauna nembo, na jedwali la pili limevuka ukingo wa karatasi. Yule afisa ugani aliufungua kwa simu akiwa shambani, akanipigia palepale. "Dokta, safu ya mwisho haionekani." Nikamsomea tarakimu mojamoja, yeye akiandika kiganjani.

Mtafiti wa mazao ya mizizi,
Mkoa wa Pwani