Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wanaofia barabarani nao wasitiriwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu mtu nisiyemjua jina. Nilimkuta asubuhi moja nikienda kazini, amelala kando ya barabara, kiatu chake kimoja kimerushwa mbali. Alikuwa ameshakata roho. Askari wawili walikuwepo, gari la wagonjwa nalo likafika, na bado alibaki vile vile, uso wazi, watoto wa shule wakipita hatua chache kutoka alipolala. Hakuna aliyekuwa na shuka. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi alivua mtandio wake akamfunika, kisha akasimama pale pale mpaka mwili ulipoondolewa.

Simlaumu askari wala mhudumu. Mhudumu mmoja alinionyesha ndani ya gari lao: machela, glavu, mtungi wa oksijeni, bandeji. Vyote ni vya aliye hai. Aliyekufa hakuwekewa hata kipande cha kitambaa.

Mnyama akifa tunamwita mzoga. Binadamu akifa hatumwiti hivyo. Tunamwita marehemu, yaani aliyerehemiwa, na jambo la kwanza tunalodaiwa kumfanyia ni kumsitiri. Kila mtu pale barabarani alilijua hilo. Niliona watu wazima wakigeuza nyuso kwa aibu, si kwa woga, kama waliomfumania mtu akiwa uchi.

Wengine walitoa simu. Hapo ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu nilikuja kuambiwa kwamba mke wa marehemu alipata habari kwa picha. Aliyemtumia alidhani anamtahadharisha tu kuhusu foleni. Mke huyo alimtambua mumewe kwa shati alilompigia pasi mwenyewe alfajiri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka. Hao ni zaidi ya 3,000 kwa siku, na si wachache wanaofia pale pale, hadharani. Kwa hiyo sikuletei kisa cha nadra.

Najua polisi watasema mwili hauguswi kabla ya vipimo na picha za uchunguzi. Ni kweli, na shuka likitupwa ovyo linaweza kuharibu ushahidi. Ndiyo maana naomba pia vizuizi vya kitambaa vinavyokunjwa, vile ambavyo wahudumu wa barabara kuu Uingereza husimamisha kuzunguka eneo la ajali. Mpelelezi anafanya kazi yake ndani, mpita njia haoni kitu, na madereva hawapunguzi mwendo kuchungulia hadi wakasababisha ajali ya pili. Askari wapo chini ya waziri mwenzako, lakini magari ya wagonjwa ni yako, Mheshimiwa. Anza na hayo.

Kuhusu picha, wenzetu wameshatunga sheria. Ujerumani, tangu tarehe 1 Januari 2021, kumpiga picha marehemu kwa namna ya kumdhalilisha ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili. Jimbo la California, Marekani, baada ya ajali ya helikopta iliyomuua mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant mwaka 2020 na kubainika kwamba baadhi ya waliofika pale kikazi walisambaza picha za miili, lilipiga marufuku watoa huduma za dharura kupiga picha za marehemu nje ya kazi yao. Wahudumu walio chini yako hawahitaji kusubiri bunge. Waraka mmoja kutoka ofisini kwako unatosha kuwakataza.

Wapo pia wanaouinua mwili: dereva, mbeba machela, mhudumu wa chumba cha maiti. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unawataja waziwazi wanaokusanya mabaki ya binadamu miongoni mwa wanaoweza kupata msongo wa baada ya kiwewe. Kijana aliyembeba yule marehemu alinawa mikono kwa maji ya chupa, akapanda gari, wakaitwa kwingine. Sikuona mtu aliyemuuliza kitu. Naomba awepo wa kumuuliza, siku ile ile na wiki chache baadaye, na kijana huyo asionekane dhaifu akisema halali usingizi.

Naomba basi shuka safi na kizuizi katika kila gari la wagonjwa, waraka wa kuzuia picha, na mtu wa kuwasikiliza wahudumu. Nijibu hadharani, kama nilivyokuandikia hadharani.

Yule mama nilimwona tena wiki iliyofuata, kituo kile kile cha basi. Nikamuuliza kama alirudishiwa mtandio wake. Akasema hakuuomba. Ulikwenda na marehemu.

Wako,
Mpita njia