Kuchemsha maji ya kisima hakutoi chumvi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku Bagamoyo visima vingi viko karibu na bahari, maji yana chumvi mpaka kwenye chai unaisikia, na watu wakishachemsha basi wanaona wamemaliza. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na taifodi, tena tusiache kabisa, ila chumvi haitoki ng'o, maji yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea, na mwenye presha anayanywa hayohayo kila siku, mama mjamzito pia! Inaniuma sana. Tunaomba visima vipimwe, majibu yabandikwe ofisi ya mtaa kila mtu aone, na wanaochimba vyoo jirani na visima wazuiwe jamani, maana ardhi yetu mchanga mtupu, uchafu unapenya haraka.

Msomaji wenu, Bagamoyo