Walimbishia Aristotle kabla ya Galileo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu makala iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa wanafunzi, ile ya Galileo na vitu vinavyoanguka. Mjukuu wangu wa kidato cha pili alikuwa ananisomea barazani, maana macho yangu siku hizi hayapatani na herufi ndogo. Alipofika pale mnaposema kwamba kwa karibu miaka 2000 hakuna mtu aliyethubutu kumhoji Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, mpaka Galileo alipopanda mnara wa Pisa huko Italia kudondosha vitu, nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamtuma kalamu.

Habari hiyo si kweli, na watoto wetu wanaimeza kila mwaka: Wagiriki walikosea, dunia nzima ikalala, kisha Mtaliano mmoja akaja kuiamsha. Ikiulizwa kwenye mtihani wanaijibu hivyohivyo, na wanapata alama.

Mimi si profesa. Nilikuwa mkaguzi wa mizani. Msimu wa korosho ukifunguliwa nilikuwa nazunguka kwenye maghala ya vyama vya msingi, Tandahimba, Newala, Masasi hadi Nachingwea, nyuma ya gari nimepakia mawe ya kupimia, kuanzia la kilo 20 kushuka mpaka ya gramu. Karani wa ghala atakuapia kwamba mizani yake haijawahi kumpunja mkulima. Humbishii. Unaweka jiwe juu ya mizani, mnatazama wote wawili. Ndiyo maana nilipoanza kuwasoma hawa watu wa kale, aliyenikaa moyoni hakuwa Aristotle wala Galileo. Alikuwa mtu wa katikati, ambaye makala yenu imemruka.

Aristotle aliishi mwaka 384 hadi 322 KK. Aliandika kwamba kasi ya kitu kinachoanguka hufuata uzito wake: kikiwa kizito mara mbili, kitamaliza njia ileile kwa nusu ya muda. Alikosea, hilo halina ubishi. Ila tusimdharau. Alikuwa anafikiria vitu vinavyopita ndani ya hewa au maji, na ukidondosha kokoto na chembe ya mchanga kwenye chupa ya mafuta utaona kokoto inatangulia kwa mbali. Na huyuhuyu ndiye aliyeandika kwamba pweza hubadili rangi afanane na mawe ya jirani anapowinda samaki. Waulize akina mama wanaochokoa pweza hapa Mikindani maji ya bamvua yanapokupwa, watakwambia kama hapo alisema uongo.

Sasa twende Alexandria, Misri, yaani katika bara letu hili. Mwaka 517 alikuwepo pale msomi Mkristo aitwaye John Philoponus, mwanafunzi wa mwalimu Ammonius, akiandika ufafanuzi wa kitabu cha Aristotle cha fizikia. Waliosoma chuoni kwa mashehe wataujua mtindo huo: matini inasomwa kipande kimoja, mwalimu anakifungua, anataja waliokieleza kabla yake, anaongeza lake, mnasonga mbele. Kueleza kitabu cha mtu si kumwitikia kila neno. Philoponus alipofika penye uzito na kasi alisimama, akasema hili ni kosa tupu, na kulitazama kwa macho kunatosha kuliko hoja yoyote ya maneno. Chukua vitu viwili, kimoja kizito mara nyingi kuliko mwenzake, viachie kutoka kimo kimoja. Utaona tofauti ya muda ni ndogo mno, wala haifuati kabisa uwiano wa uzito.

Galileo alichapisha kitabu chake kikuu cha mwendo mwaka 1638. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 1100 baadaye.

Mjukuu hakuridhika na habari za vitabuni, na alifanya vizuri. Tulimwomba kijana anayetukwelea minazi achague nazi kavu moja na kidaka kimoja, aviachie kwa pamoja bila kuvirusha. Akatucheka kutoka juu: "Mzee, hivi si hudondoka pamoja siku zote?" Akaviachia. Kishindo cha nazi kikameza cha kidaka. Mjukuu alikuwa amelala kifudifudi pembeni, shavu karibu na mchanga, akasema hakuweza kuona kipi kilitangulia. Tukavipima. Nazi na makumbi yake ilikuwa kilo moja na nusu, kidaka gramu 100, yaani mara 15. Mnazi ule una mita kama 10, na kutoka kimo hicho nazi hufika chini kabla ya sekunde moja na nusu kutimia. Kwa hesabu ya Aristotle kidaka kingetumia sekunde zaidi ya 20. Mkwezi angeshuka, akanawa mikono, akakikuta bado kinakuja.

Hakuishia hapo Philoponus. Kulikuwa na swali la mshale: ukishatoka kwenye upinde, nini kinausukuma? Aristotle alijibu kwamba ni hewa inayotikiswa na upinde. Philoponus akauliza, kama ni hewa, kwa nini basi tunahangaika kuvuta uzi? Usimamishe mshale au jiwe kwenye ncha ya kijiti, uitikise hewa ya nyuma yake kwa mashine 10,000 ukitaka, hautasogea hata dhiraa moja. Akasema nguvu anaitia mrushaji ndani ya mshale wenyewe, nayo hupungua unavyokwenda. Hilo nalo si jibu la mwisho, lakini mtu aliyewahi kurusha chandarua cha kuvulia samaki anajua lipi kati ya hayo mawili liko karibu na mkono wake.

Nisimpambe kupita kiasi. Philoponus hakumaliza kazi. Aliendelea kuamini kwamba mahali patupu kabisa, pasipo na hewa, kizito kingekishinda chepesi kwa kasi. Aliyepata kanuni kwamba umbali wa kuanguka huongezeka kwa mraba wa muda ni Galileo, na heshima hiyo ni yake. Ninacholalamikia ni kutoa heshima yote kwa mmoja ilhali mwingine alikuwa ameshaacha nyayo mlangoni.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mpinzani wa Philoponus. Aliitwa Simplicius, mtu wa Kilikia (kusini mwa Uturuki ya leo), naye alisoma kwa Ammonius yuleyule. Mwaka 529 mfalme Justinian aliposimamisha ufundishaji wa falsafa Athens, Simplicius na wenzake sita walikwenda Uajemi kwa mfalme Khosrow, wakitarajia kupokewa na mtawala mwenye hekima. Hawakukaa. Mkataba wa amani wa mwaka 532 kati ya Warumi na Waajemi uliwawekea kifungu chao: warudi kwao na wasibughudhiwe. Wafalme wawili wanamaliza vita, halafu katika masharti yao wanawakumbuka watu saba wa vitabu! Sijui kama siku hizi wangekumbukwa.

Basi Philoponus alikuwa ameandika kitabu kizima cha kumpinga Aristotle, akisema ulimwengu una mwanzo na mbingu hazikuumbwa kwa kitu cha pekee kisichopatikana duniani. Simplicius alikasirika. Jina la mtu huyo hakutaka hata kulitaja, alimwita Mwanasarufi tu, na matusi aliyomtolea yangemfikisha mtu baraza la kata. Lakini tazameni alichofanya. Kabla ya kujibu kila hoja aliinukuu, maneno ya mpinzani kama yalivyo, kisha ndipo akaishambulia. Kitabu cha Philoponus kikapotea. Tunachokisoma leo, sehemu yake kubwa imetoka kwenye kalamu ya yule aliyemtukana.

Naomba wanasiasa wetu na wachambuzi wa mpira wakisome kisa hiki.

Simplicius huyohuyo alinakili mistari mingi ya Parmenides, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeishi takriban miaka 1000 kabla yake, akaeleza kwamba anafanya hivyo kwa sababu kitabu chenyewe kimekuwa adimu. Angekuwa mvivu siku hiyo, tungekuwa na vipande vichache tu vya Parmenides.

Safari iliendelea kwa Waarabu, na hapa tena ukurasa wenu haukutia hata mstari mmoja. Ishaq ibn Hunayn alikitafsiri kile kitabu cha fizikia kwa Kiarabu Baghdad katika karne ya 9. Philoponus naye wakamjua, kwa jina la Yahya an-Nahwi. Mwanafalsafa na tabibu Ibn Sina, aliyefariki 1037, aliikuza ile hoja ya nguvu iliyomo ndani ya kitu kilichorushwa, akasema pasipo na kizuizi isingeisha. Huko Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, mwanafalsafa Ibn Bajja alidai kwamba hewa au maji huchelewesha tu mwendo, si sababu ya kuwepo kwake. Mwenzake wa huko Ibn Rushd, aliyeishi 1126 hadi 1198, hakukubaliana naye, lakini aliieleza hoja hiyo katika ufafanuzi wake mrefu, na ulipotafsiriwa Kilatini, Wazungu wakamjua Ibn Bajja kupitia kwa aliyemkatalia. Yaleyale ya Simplicius.

Huko Ulaya Philoponus hakuwa na bahati sana. Kanisa lilimlaani katika mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 680 na 681, akiwa kaburini siku nyingi, kwa mafundisho yake juu ya Utatu. Hata hivyo ufafanuzi wake ulichapwa kwa Kigiriki Venice mwaka 1535, miaka 29 kabla Galileo hajazaliwa, na Galileo kijana anamtaja kwa jina katika maandishi yake ya mwanzo. Mwaka 1586 Simon Stevin wa Uholanzi alieleza jinsi yeye na mwenzake walivyodondosha tufe mbili za madini ya risasi, moja nzito mara 10 kuliko nyingine, kutoka futi 30, zikagonga ubao kwa sauti kama moja. Na Galileo alipoandika kitabu chake cha mazungumzo cha mwaka 1632, yule anayemtetea Aristotle alimpa jina la Simplicio, akisema wazi kuwa ni kwa ajili ya yule mfafanuzi wa kale. Alijua vizuri anabishana na ukoo gani.

Nina ombi jingine kwa walimu wa huku kwetu, Mtwara na Lindi. Mnapowafundisha watoto habari za Tendaguru, ile mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi na sasa imesimamishwa Berlin, msimtaje Mjerumani peke yake. Mtajeni Boheti bin Amrani aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji. Halafu mtajeni na Xenophanes wa Kolofoni, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 6 KK. Huyu aliona kwamba makombe ya baharini yanapatikana bara na milimani, na kwamba katika machimbo ya mawe ya Syracuse, kisiwani Sicily, kuna alama za samaki na mwani. Akahitimisha kwamba nchi kavu iliwahi kuwa tope chini ya bahari, na alama zile zilikauka ndani ya tope hilo. Pale Tendaguru tabaka za mifupa zimepishana na tabaka za mchanga wa baharini wenye makombe: bahari ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Hata asiyeweza kufika Tendaguru, aje Mikindani asimame mbele ya ukuta wowote wa zamani uliobanduka lipu. Mawe yake ni matumbawe. Ukipitisha kidole unayasikia matundu yake, na hapa na pale kombe zima limekaa ndani ya jiwe, kingo zake bado zinakwaruza.

Na maneno hayo ya Xenophanes tumeyapataje, ikiwa vitabu vyake vimepotea? Yaliandikwa na mwandishi wa Kikristo wa Roma, karne ya 3, ambaye wasomi wengi husema ni Hippolytus. Alikuwa anaorodhesha mafundisho ya wanafalsafa ili aonyeshe kwamba wazushi wa zama zake wameyaiba huko. Hakuwa na mapenzi na Xenophanes hata chembe. Aliyaandika barabara hata hivyo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Ukurasa wa wanafunzi utoe sahihisho, utaje Alexandria na mwaka 517, na umtaje Philoponus kwa jina. Mkiona nafasi ni finyu, ondoeni mnara wa Pisa. Habari hiyo iliandikwa na mwanafunzi wake Viviani baada ya Galileo kufariki, na Galileo mwenyewe katika vitabu alivyochapisha hakusema kwamba aliwahi kudondosha kitu chochote kutoka pale.

Wako,
Mkaguzi wa mizani mstaafu,
Mikindani, Mtwara